Mafao Yangu na Honi za Kutafutia Watoto

Binti yangu alipotea akiwa na miaka minne, katika miaka ile ya foleni. Tulikuwa tumepanga mstari nje ya duka la ushirika kule Ngamiani, mjini Tanga, kwa sababu mtu alikuwa amesema sabuni ya kufulia imeletwa. Hakuna aliyeiona sabuni yenyewe. Tuliona tu mlango umefunguliwa nusu, na hiyo ilitosha. Mkono mmoja nilishika kikapu, mwingine nikamshika mwanangu. Mstari ulipovunjika watu wakaanza kusukumana, nikamwachia kidogo ili nishike mlango. Nilipata vipande viwili vya sabuni. Nilipogeuka, mtoto hayupo.

Nilianza kuuliza watu. "Mtoto wa kike, gauni la buluu lenye madoa meupe." Wakati ule nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kampuni moja ya mkonge, na kitambaa tuligawiwa kazini. Kilikatwa kwenye jora moja, mita kadhaa kwa kila familia, na ofisi nyingine nazo ziligawiwa kilekile. Nusu ya watoto wa kike wa Ngamiani walivaa buluu yenye madoa meupe. Hadi magharibi nilikuwa nimeletewa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu. Mmoja alikuwa wa jirani yangu, wala hakuwa amepotea. Alikuwa ametumwa chumvi.

Tulikwenda polisi, tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, mume wangu akazunguka na baiskeli Makorora yote na Chumbageni. Siku ya tatu asubuhi dereva mmoja wa trekta akasema kwamba siku ile ya sabuni alikuwa amewabeba akina mama wa Pongwe, nje ya mji, kwenye tela, na anadhani walikuwamo watoto pia. Sikungoja amalize. Nilipanda nyuma ya baiskeli ya mume wangu, tukaenda.

Tulimkuta kwa mama mmoja mtu mzima, Mbondei kama mimi. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye mkeka anakula muhogo.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye mtoto?"

"Ndiye mimi."

"Nimepeleka habari kwa balozi, nimepeleka msikitini, nimesimama barabarani siku mbili nauliza kila apitaye. Nikasema, watu gani hawa wasiotafuta mtoto wao?"

"Nimetafuta hadi viatu vimekatika, mama."

Akacheka, nami nikalia. Tulikuwa tunatafutana. Yeye anaita Pongwe, mimi naita Ngamiani, na hapakuwa na kitu cha kuivusha sauti ya mmoja ikamfikia mwenzake. Nilirudi na mwanangu mgongoni, na wazo hilo sikulisahau. Sikujua tu nilifanyie nini.

Miaka ikapita. Milango ya biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa, na ofisi yetu ya mkonge ikaanza kupunguza watu. Mimi nilikuwamo katika kundi la pili. Nilipewa barua niliyoipiga chapa mwenyewe siku iliyotangulia, kwa sababu mpiga chapa aliyebaki alikuwa mgonjwa. Nikapewa na mafao yangu. Hayakuwa mengi, lakini yalikuwa fedha nyingi kuliko nilizowahi kushika kwa mara moja.

Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alikuwa ameshaamua. "Belo la mitumba," alisema. "Kila mwanamke aliyepunguzwa kazi amenunua belo. Utapanga kitanda sokoni Mgandini, utauza, utanunua jingine."

Sikumpinga. Kweli wengi walikuwa wanaendesha nyumba zao hivyo. Asubuhi niliyokwenda kuulizia belo, nilibeba na redio yetu iliyokuwa imenyamaza, niipitishe kwa fundi mmoja karibu na soko. Alikuwa Mpemba, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyekuja Tanga kufuata kazi akaishia kuoa hapa. Kibanda chake kilijaa redio zilizofunguliwa matumbo.

Nikiwa pale, akapita mwanamke anamvuta mtoto anayelia, wa kiume, miaka mitatu hivi, kamwokota kwenye mafungu ya nyanya. Fundi hakuuliza mengi. Alivuta kutoka chini ya meza honi moja kubwa ya chuma, kama zile za misikitini, akaiunga kwenye amplifaya aliyoitengeneza mwenyewe, akaiunga amplifaya kwenye betri ya gari. Akapanda juu ya kiti.

"Mtoto mwanamume, fulana nyekundu yenye picha ya bata aliyevaa miwani, yuko kwa fundi redio. Narudia, bata aliyevaa miwani."

Kabla hajarudia mara ya tatu, mama wa mtoto alikuwa ameshafika, kanga moja begani na nyingine inaburuta chini. Alimchukua mwanawe, akampiga kofi, akambusu, akaondoka.

Nilisimama pale na redio yangu mkononi. Nilikuwa nimeona mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni ile sauti, namna ilivyovuka soko zima. La pili ni ile fulana. Wakati wetu watoto wote walivaa jora moja. Sasa, kwa sababu ya mitumba, hapakuwa na watoto wawili waliovaa sawa Tanga nzima. Kila mtoto alikuwa na bata wake, na simba wake, na maandishi ya nchi ambayo hakuna aliyeijua. Ilikuwa imewezekana kumtangaza mtoto akatambulika.

"Fundi," nikamwambia, "umefanya hivi mara ngapi?"

"Mara nyingi, dada. Wanijua sasa, waniletea. Lakini honi moja haifiki mbali, na miye nimefungwa na kibanda. Ningekuwa na honi nne, na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzibebea, ningeupita mji mzima kwa saa moja."

"Na nani angekulipa?"

"Si wazazi. Mzazi aliyepotelewa humwombi kitu. Maduka." Alinyoosha mkono kuelekea barabarani. "Weye tazama. Kila wiki lafunguliwa duka jipya, na hakuna anayejua ndani muna nini. Wangenilipa niwasemee. Mchele, mabati, sinema, mpira. Na kati ya tangazo na tangazo, watoto."

"Kwa nini hujaanza?"

Akacheka. "Kwa sababu nina honi moja."

Sikununua belo siku ile. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, naye alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Unataka kununua kelele?"

"Nataka kununua sehemu ya kazi yake. Nusu kwa nusu."

"Kwa mtu usiyemjua, Mpemba, mwenye kibanda cha makuti."

"Nimeona anachokifanya."

"Watoto hawapotei kila siku."

"Kwetu alipotea mara moja," nikasema, "na mara moja inatosha."

Alikwenda kukaa barazani. Siku mbili hakunizungumzia habari ile, wala mimi sikumkumbusha. Fedha zilikuwa zangu, na wote wawili tulijua hivyo. Siku ya tatu aliniuliza kama nimeshaandikiana na huyo fundi. Nilimwonyesha karatasi. Nilikuwa nimeipiga kwa mashine ya chapa niliyouziwa na ofisi yetu ilipokuwa ikiuza vitu vyake. Ilikuwa na vifungu vichache, na kimoja nilikipigia mstari chini: tangazo la mtoto halilipiwi, na likija, tangazo lolote jingine linakatwa hapohapo. Fundi alikuwa amekisoma kifungu hicho akatia sahihi bila kuuliza. Kwa hiyo nilijua nimempata mtu.

Tulinunua honi tatu zaidi, betri mbili ili moja ichajiwe nyingine ikifanya kazi, na radio kaseti ya deki mbili iliyoletwa kutoka Unguja. Mchomeleaji mmoja alitutengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, honi zimeelekea pande nne. Kilichotusumbua zaidi ni kibali. Afisa aliyetupokea aliisoma barua yangu mara mbili. Niliandika kwamba ni huduma ya matangazo na utafutaji wa watoto waliopotea.

"Hii si biashara iliyomo kwenye orodha," alisema.

"Basi iongeze," nikamwambia.

"Siwezi kuongeza. Naweza kuwaweka kwenye burudani."

Tukawekwa kwenye burudani, pamoja na bendi na wacheza sarakasi, na tukaanza kazi.

Kazi yangu ilikuwa meza. Fundi alizunguka na honi, mimi nilikaa chini ya turubai karibu na soko na daftari na fomu. Mzazi aliyechanganyikiwa hajui aseme nini. Atakwambia mtoto wake ni mzuri. Kwa hiyo nilitunga maswali yangu. Amevaa nini, hilo la kwanza. Ana kovu, ana hirizi, ana jino lililotoka. Nyumbani anamwitaje mama yake, kwa sababu mtoto akiulizwa jina la mama husema "Mama," au hulitaja jina ambalo baba humwita mkewe na ambalo mtaa mzima haulijui. Anaombaje maji. Anaogopa nini. Fundi alinicheka kwa lile swali la maji, lakini mimi nilikulia kwenye kambi ya mkonge na nilijua. Tanga mtoto wa Kibondei na mtoto wa Kidigo wanaweza kucheza pamoja kutwa nzima, lakini wakiona kiu kila mmoja hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Sikukuu ya Idd ya kwanza tangu tuanze, uwanja wa Tangamano ulifurika watu, na siku ile moja tulirudisha watoto kumi na mmoja. Wawili walikuwa ndugu, na kila mmoja alisisitiza kwamba aliyepotea ni mwenzake. Mwenye duka la mchele alikuja kulalamika kwamba tangazo lake limekatwa mara tano.

"Kila nikifika kwenye bei, mnaleta mtoto," alisema.

"Duka lako litakuwepo kesho," nikamjibu. "Mtoto hawezi kungoja."

Alinung'unika, lakini wiki iliyofuata alirudi kulipia tena. Alikuwa amegundua, kama walivyogundua wenzake, kwamba watu walikuwa wakinyamaza kusikiliza honi zetu. Kila mtu mwenye mtoto alitega sikio. Na ukishatega sikio kwa ajili ya mtoto, unausikia na mchele. Kwa hiyo ile kazi ya bure ndiyo iliyoifanya kazi ya kulipwa ilipwe. Mume wangu alilielewa hilo kabla sijamweleza. Siku moja nilirudi nikamkuta uani anapaka rangi ubao wa kutundika kwenye baiskeli yetu, herufi nyekundu, amezipima kwa rula. Nilimpelekea chai.

Siku nitakayoieleza sasa ndiyo iliyonithibitishia kwamba sikukosea.

Askari mmoja wa kike alikuja mezani kwangu amemshika mkono mtoto wa kike, miaka mitatu hivi. Alikutwa kituo cha mabasi jioni iliyopita, amelala nyuma ya vibanda vya mahindi. Hakusema neno tangu alipookotwa. Tuliandikishana, akaniachia nikae naye nyumbani, kwa sababu kituo cha polisi walikuwa wamenizoea. Fundi alimtangaza siku ile nzima na siku iliyofuata, kila barabara. Hakuja mtu. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Hata mtoto wa mlevi hutafutwa.

"Labda ametupwa," alisema mume wangu kwa sauti ya chini.

"Mtazame nywele zake," nikamwambia. Zilikuwa zimesukwa vizuri, mistari imenyooka, na mafuta bado yamo. "Aliyemsuka hivi hajamtupa."

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nafagia uani. Nilikuwa na kuku mwenye vifaranga. Mtoto alichuchumaa karibu na kopo lao la maji, akaanza kuwagombeza vifaranga. Aliwaita, akawanyooshea kidole, akawaambia mambo mengi ambayo sikuyaelewa. Neno moja nililisikia wazi. Madzi. Sisi Wabondei tunasema mazi, na Washambaa hivyohivyo. Madzi ni Kidigo.

Nilimtuma binti yangu, ambaye sasa alikuwa msichana wa sekondari, akamwite fundi mbio. Alikuja na radio kaseti, akaifunika kwa kanga yangu, akaiweka karibu na kopo, akabonyeza. Tukaondoka, tukamwacha mtoto na vifaranga vyake. Alizungumza karibu dakika kumi.

"Dada," fundi alisema, alipokuwa akiirudisha kaseti mwanzo, "sisi tulikuwa twamsema yeye. Sasa tumwache aseme mwenyewe."

Tulipiga kaseti ile kwanza mjini. Watu walisimama barabarani wakishangaa, sauti ya mtoto mdogo inatoka kwenye honi nne, inawagombeza kuku. Mzee mmoja muuza nazi, Mdigo, alisogea akasikiliza na kichwa ameinamisha.

"Huyu si wa hapa mjini," alisema. "Anavyovuta maneno, ni watu wa kaskazini huko, upande wa Moa."

Kesho yake tulipata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda kubeba chumvi upande huo. Tulifunga honi juu ya kichwa cha lori kwa kamba. Mtoto nilimwacha kwa mume wangu, kwa sababu hatukujua tutakutana na nini. Kila kijiji dereva alipunguza mwendo, na fundi alibonyeza kaseti. Kijiji cha kwanza, watu walicheka. Cha pili, watoto walitufuata. Cha tatu, karibu na bahari, bibi mmoja aliyekuwa akisuka makuti alisimama, makuti yakamwanguka miguuni. Alikuja hadi kwenye lori, hakutusalimia.

"Izimeni hiyo," alisema. "Huyo ni mjukuu wangu. Mmemtia humo vipi?"

Fundi alizima. Mimi nilishuka. "Shikamoo, bibi. Mtoto ni mzima, yuko kwangu Tanga, anakula na anacheza."

"Mbona yuko kwako? Yuko na mamake hospitali."

Ndipo tukaelewa. Mama yake alikuwa amepanda basi kwenda Tanga kutibiwa, amembeba mtoto. Kumbe aliposhuka kituoni homa ilimzidi, akaanguka. Wasamaria walimkimbiza hospitali, na katika msukumano ule mtoto alibaki nyuma. Mama hakuwa na fahamu za kumuulizia. Bibi alijua wako pamoja. Mtoto hakutafutwa kwa sababu kila aliyempenda alijua yuko mahali salama.

Bibi hakurudi ndani hata kuvaa viatu. Alirudi nasi juu ya magunia ya chumvi, na njia nzima alimuomba fundi ampigie tena ile kaseti. Fundi alimpigia hadi betri ikachoka.

Tulikwenda moja kwa moja nyumbani. Mtoto alipomwona bibi yake alimwambia habari za vifaranga, kwa haraka, kana kwamba walikuwa wameachana asubuhi ile. Kisha tukaenda hospitali. Mama yake alikuwa ameanza kupata nafuu. Alikuwa akimuulizia mwanawe tangu alfajiri, na wagonjwa wenzake walikuwa wakimtuliza kwamba bila shaka yuko nyumbani. Bibi alimweka mtoto kitandani kando yake. Yule mama alimpapasa uso, masikio, vidole, kama mtu anayehesabu. Hakuuliza amekuwa wapi. Bibi alikuwa ndiye anayesimulia, na alianza na honi.

Tangu siku hiyo hatukutegemea nguo peke yake. Mtoto aliyeokotwa na asiyejua kujieleza tulimrekodi, akilia, akiimba, akigombana na kuku, chochote, na mji ukamsikia. Mama huijua sauti ya mwanawe hata ikiwa imepita kwenye betri na waya na chuma. Watu walituletea watoto kutoka Muheza na Pangani. Tuliongeza baiskeli ya pili, na binti yangu alipomaliza shule alikuja kunisaidia mezani hadi alipopata nafasi chuoni, na ada yake ikatoka hapohapo.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wanawake waliopunguzwa kazi wakati mmoja na mimi, nilipata wapi ujasiri wa kuweka mafao yangu yote kwenye jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Haukuwa ujasiri. Mtu mwenye belo la mitumba alikuwa anakisia watu watapenda nini. Mimi sikukisia. Nilikuwa nimesimama Pongwe mbele ya yule mama, na nilijua kitu kinachohitajika kwa hakika kuliko nilivyojua bei ya sukari.

Fundi alifungua duka la vipuri vya redio baadaye, nami nilibaki na meza. Idd ya mwisho kabla sijaandika haya nilikuwa Tangamano, fomu mbele yangu, na kijana mmoja alinijia amembeba mwanawe mabegani. Nilimuuliza yule kijana, mtoto amepotelea wapi?

"Bado hajapotea, mama," alisema. "Lakini namjua huyu. Andika kabisa."

Nikachukua kalamu, nikamuuliza anaombaje maji.